Maswali na majibu: kinyama kipimwe kwanza

*Dokta, shikamoo. Mama ana saratani ya ovari, hatua ya tatu. Kaka yetu aliyeko Marekani anasema tudai wahesabu askari wa kinga waliomo kwenye uvimbe, tutajua ataishi miaka mingapi. Msomaji, Tabata.*

Marahaba. Kaka yako hakudanganywa, ila amerukia mbali. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya vinyama, yaani vipande vya uvimbe vya kupimwa, vya wanawake 186 ambao saratani yao ya ovari ilishasambaa. Kati ya wale ambao chembe T za kinga zilikuwa zimeingia ndani ya uvimbe, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Ambao hazikuingia: asilimia 4.5. Mwaka 2017 utafiti wa maelfu ya wagonjwa wa nchi mbalimbali ukaonyesha kuwa, katika aina inayowapata wengi, kadiri chembe za CD8 (chembe T zinazoua chembe za saratani) zinavyozidi ndivyo wagonjwa wanavyoishi zaidi. Nusu ya wasiokuwa nazo kabisa walishafariki ilipofika miaka 2.8, kwa wenye nyingi, ilikuwa miaka 5.1.

Sasa rudia kusoma. Hata wenye askari, 62 katika kila 100 hawakufika miaka mitano. Hizo ni hesabu za kundi, na hakuna mtu atakayechungulia darubini akaona siku ya mama yako. Wala hesabu hiyo haiondoi upasuaji na dawa za platini, ambazo ndizo tiba yake. Muulizeni daktari: ni aina gani, uvimbe kiasi gani ulibaki baada ya upasuaji, na ugonjwa unaitikia dawa vipi? Hukuuliza, lakini nakwambia: wewe na ndugu zako mzungumze naye pia juu ya jeni za BRCA, ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani hii, maana kasoro hiyo hurithiwa.

*CD4 zangu ni 900. Basi saratani ya ovari hainipati? Mbagala.*

Havihusiani. CD4 ya kliniki huhesabiwa kwenye damu. Hapa inatazamwa nyama ya uvimbe, tena wanatazama askari wamesimama wapi. Waliojipenyeza katikati ya chembe za saratani ndio wenye uzito. Waliobaki pembeni ni mgambo wa getini wakati mwizi yuko chumbani.

*Nimepima shingo ya kizazi, niko safi. Na ovari je? Sinza.*

Hapana! Ni viungo viwili, na swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno. Tumbo likijaa wiki nzima na zaidi, ukishiba kwa matonge mawili, mkojo ukikubana kila mara, acha kumeza dawa za vidonda vya tumbo. Kapige ultrasaundi.

*Unga wa kuongeza kinga unaouzwa Kariakoo unaongeza hao askari? Ilala.*

Hakuna unga uliothibitishwa kuwaingiza kwenye uvimbe. Tena kinga haina upande mmoja: zipo chembe T za kutuliza wenzao, na utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha zikijazana kwenye uvimbe wa ovari mgonjwa huishi muda mfupi zaidi. Huyo muuzaji anakuongezea zipi? Nimeona familia zikimaliza fedha kwa makopo hayo, mgonjwa akaja tumbo limeshajaa maji. Inaniuma sana.

*Shangazi alipasuliwa, tukapewa uvimbe kwenye chupa ya maji tupeleke maabara wenyewe. Ulikaa kwenye friji siku nne. Majibu: haisomeki. Kigamboni.*

Poleni. Hili ndilo ninalolipigia kelele kila mara. Mnahangaika na CD8 za Marekani, kinyama chenyewe kinaozea jikoni! Kinyama hutiwa kwenye formalini (dawa ya kukizuia kisioze) ya asilimia 10 mara tu kinapotoka, na formalini iwe kama mara kumi ya ujazo wake. Ukipewa chupa ya maji au salaini, kataa, hata kama anayekupa amevaa koti jeupe. Kikihifadhiwa vizuri hugandishwa kwenye bloku ya nta, na miaka kadhaa baadaye bado kinaweza kukatwa kipande na kupimwa upya.

Mrudisheni shangazi kwa aliyempasua wiki hii hii. Ulizeni kama kuna kipande kilichobaki, au maji ya tumboni yanayoweza kuchunguzwa, kabla hajaanzishiwa dawa yoyote.