Faili la data limejibadilisha jina: usiifute hiyo Database1

Mkuu, umesema jana jioni duka.accdb lilikuwa kwenye folda ya pamoja, leo asubuhi halipo, badala yake pana Database1.accdb ambalo hakuna anayelijua, na kompyuta za kaunta zinalalamika kwamba hazilioni faili. Sidhani kama mmeingiliwa. Nimeshayakuta haya kwenye maduka na zahanati zinazotumia Access (programu ya Microsoft ya kuhifadhi data, ndiyo yenye mafaili ya .accdb), na mara nyingi data ilikuwa salama kabisa, imevaa tu jina jingine. Balaa huletwa na mwenye haraka: anaona faili geni, analifuta, kisha anarudisha bekapu ya mwezi uliopita.

Kwanza watoe watu wote kwenye mfumo, halafu nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Uchunguzi wote ufanyie kwenye nakala.

Fungua nakala ya Database1 kwa Notepad (likiwa kubwa litasumbua kidogo, vumilia). Utaona vurugu ya herufi, lakini pale mwanzoni kabisa yatafute maneno "Standard ACE DB", au "Standard Jet DB" kwa mafaili ya zamani ya .mdb. Yakiwepo, hilo ni faili la Access hata likiitwa nani. Yasipokuwepo, na picha na barua zenu nazo zina miisho ya ajabu, chomoa waya wa mtandao uache kubofya; hapo tunazungumzia wadai fidia, yaani virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, ni kesi nyingine. Ukishajiridhisha, fungua nakala kwa Access huku umeshikilia Shift ili fomu zisijiwashe, uangalie mauzo ya mwisho ni ya lini.

Chanzo ninachokishuku ni ile alama ya "Compact on Close" (bana faili kila linapofungwa) kwenye mipangilio. Ukifuta rekodi, faili la Access halipungui, na ukomo wake ni GB 2, kwa hiyo watu huiwasha wakidhani ni usafi wa bure. Sasa Access haibani faili palepale lilipo. Inatengeneza jipya pembeni kwa jina la muda, inahamishia kila kitu, inafuta la zamani, ndipo inalipa jipya jina la awali. Antivairasi au programu ya kusawazisha ikilishika faili katikati ya hatua hizo mbili za mwisho, la zamani limeshaondoka na jipya linabaki na jina la muda. Wa enzi za .mdb watakumbuka db1.mdb, ni huyo huyo. Kwa hiyo usishtuke ukikuta Database1 ni dogo kuliko duka lilivyokuwa, limebanwa. Lakini mkikuta yote mawili yapo, kazi huenda ilikatika njiani, pengine umeme. Hapo anza kuliamini la zamani.

Kuna jambo moja wengi hulipita: alama hiyo hubana faili lililofunguliwa, haigusi lile lililounganishwa kwa mbali. Kama kaunta zinatumia faili lao la fomu lililounganishwa na duka.accdb, basi kuna mtu alilifungua duka.accdb lenyewe kwenye folda. Mtafute, si kwa ugomvi, mjue alikuwa anarekebisha nini.

Kurudisha ni rahisi. Hakikisha hakuna faili la .laccdb (alama ya kwamba faili la data liko wazi; likibaki, ama kuna mtu bado yumo, ama kompyuta ilizima vibaya), kisha lipe jina lilelile, mahali palepale. Washa kwanza uonyeshaji wa miisho ya majina kwenye Windows, la sivyo utaishia na duka.accdb.accdb na ushangae kaunta bado hazilioni. Kuunganisha upya hakuhitajiki.

Baada ya hapo zima hiyo alama. Kubana kufanywe na mtu mmoja, kwa mkono, baada ya kunakili. Na kama folda hiyo iko ndani ya OneDrive au Dropbox, itoe leo hii. Huko mtakutana na ubaya zaidi ya jina: nakala mbili zenye mauzo tofauti, na kuziunganisha ni kazi ya macho, rekodi kwa rekodi.

Kwa anayetumia mfumo wa SQLite (aina nyingine ya hifadhidata, si Access), usiufuate ushauri huu kichwa kichwa. Pale pembeni kunaweza kuwa na faili linaloishia na -wal lenye mauzo ya karibuni. Ukibadilisha jina la faili kuu peke yake, hayo unayaacha nyuma.

Mkuu, tuma orodha ya folda nzima, pamoja na ukubwa na saa ya mwisho ya kila faili, kabla hujagusa chochote.