Kwa Unayeanza Kupiga Picha za Harusi Lamu

Kila Idi ikipita na harusi zikaanza kufuatana, hunijia vijana kuuliza wanunue kamera gani. Nawajibu kwa kifupi, kisha nauliza na mimi: kazi hiyo umeshaizungumza na mama wa bibi harusi? Wengi wamezungumza na bwana harusi tu, tena kwa WhatsApp. Basi tuanzie hapo.

Harusi ya Lamu si siku moja wala shughuli moja. Kuna hina, kuna nikahi, kuna kuingia ndani (bwana harusi kuingizwa kwa bibi harusi), kuna kupamba (usiku wa wanawake wa kumtazama bibi harusi aliyepambwa), na katikati yake vugo, ngoma ya wanawake, kirumbizi, mchezo wa fimbo wa wanaume, na biriani ya kulisha mtaa mzima. Mpangilio hubadilika ukoo kwa ukoo. Hawa hupamba usiku wa nikahi, wale siku ya pili yake. Ulichokiona mtaa wa Langoni wiki iliyopita usitegemee kukikuta mtaa wa Mkomani wiki hii. Mtafute mwenye ratiba kichwani, na aghalabu si maharusi wenyewe. Ni shangazi, au somo wa bibi harusi, yule mwanamke anayemfunda. Kaa naye kitako siku kadhaa kabla. Mwulize kila jambo litafanyika nyumba ya nani, saa ngapi hasa (si saa iliyoandikwa kwenye kadi), wanaume watakuwa upande gani na wanawake upande gani. Mwulize pia ni wazee gani wasiokosekana kwenye picha za ukoo, na nani hasemi na nani. Hilo la mwisho litakuokoa siku utakapotaka kuwapanga watu ishirini kwenye ukumbi mmoja.

Kupamba ndiko kunakohitaji maneno mengi. Usiku huo wanawake wamevua mabuibui. Asmini ziko kichwani, vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vimebandikwa, dhahabu imetolewa masandukuni, na watu wanacheza wakijua hakuna mwanamume anayewaona. Ndiyo maana nyumba nyingi siku hizi hukusanya simu za wageni mlangoni. Halafu wewe unapita na kamera mbili begani. Maana yake umeaminiwa kuliko binamu wa bibi harusi aliyeacha simu yake kwenye kikapu.

Kazi hiyo ni ya mpiga picha mwanamke, na sisi bado ni wachache. Kwa hiyo dada unayeanza, usijione umechelewa. Lakini jua utakachoulizwa. Bibi mmoja wa Mkomani, kabla ya kunikubalia kazi ya mjukuu wake, aliniuliza, "Hizo picha, mwanangu, zitalala wapi?" Nikamweleza kwamba zitakaa kwenye diski yangu, nyumbani kwangu, na nakala moja atapewa mama. "Na huyo kijana wako wa kompyuta?" Nikamwambia sina kijana, nazirekebisha mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akaagiza chai iletwe. Hakuniuliza kamera yangu ni ya aina gani.

Uwe na majibu ya maswali hayo kabla hujaulizwa. Picha za kupamba hazipiti kwa fundi wa kiume wa kurekebisha, hazichapishwi kwenye duka la mtu usiyemjua, haziwekwi kwenye stetasi hata kama aliyemo amejifunika. Ukitaka picha za kuonyesha kazi yako, omba ruhusa kwa maandishi, moja moja, na ukubali kwamba mara nyingi utaruhusiwa mikono yenye hina, viatu, mkufu na kitanda kilichopambwa, basi. Sheria nayo iko upande wa bibi yule. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data imeshawatoza faini wenye biashara waliosambaza picha za watu bila idhini yao. Mimi lakini namwogopa bibi zaidi. Mji wetu mdogo, na jina likishaharibika kwenye nyumba moja, mpaka Alasiri limefika kijiji cha Shela.

Sasa mwanga. Wageni kutoka Nairobi, na siku hizi hata maharusi wetu wenyewe, huja na picha waliyoiona mahali: wawili wamesimama, jua linazama baharini nyuma yao. Waambie mapema. Mji wa Lamu unatazama mashariki, kuelekea kisiwa cha Manda. Jua hutoka upande wa maji na huzama nyuma ya nyumba, kwenye vilima vya mchanga. Jioni pale forodhani mna kivuli kitupu. Anayelitaka jua hilo lazima apande mashua, avuke mkondo na kuutazama mji kutoka upande wa Manda. Malindi ni vivyo hivyo, bahari iko mashariki, kwa hiyo picha ya maji na jua huko ni ya alfajiri, na sijui bibi harusi gani aliyekesha usiku atakuamkia saa kumi na moja na nusu.

Na jioni yetu haingojei mtu. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu na kidogo, kwa kutegemea mwezi, na likishazama giza huingia upesi. Mwanga mzuri wa manjano unaupata kama saa moja tu kabla ya hapo. Ikiadhiniwa Magharibi, bwana harusi na nduguze wanakwenda msikitini, usiwaombe wabaki "dakika mbili". Panga picha za nje zianze mara baada ya Alasiri, watu wakiwa wameshavaa. Wakikuambia watavaa baada ya Alasiri, hesabu kwamba mwanga umekwisha, utafute mpango wa pili.

Ukienda ufukweni, tazama jedwali la maji kabla ya kutazama kitu kingine. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tuna bamvua; maji yanapanda sana na kushuka sana, na saa za kujaa husogea mbele karibu dakika hamsini kila siku. Njia ya pwani ya kwenda Shela maji yakijaa haipitiki vizuri, na ngazi za gatini maji yakitoka zina utelezi wa mwani. Mtu aliyevaa gauni refu na viatu vya kisigino usimshushe pale. Upepo nao. Kusi ya mwezi wa Juni hadi Agosti huvuma kwa nguvu, hurusha mtandio na mchanga mpaka ndani ya lenzi. Kaskazi ni nafuu, ila joto lake huyeyusha vipodozi. Msimu wowote, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ukirudi nyumbani, maana chumvi ya pwani hula vyuma kimyakimya.

Mimi lakini picha ninazozipenda sikuzipiga ufukweni. Nimezipiga ndani ya nyumba. Nyumba za mawe za mji huu, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimejengwa kana kwamba aliyezijenga alikuwa mpiga picha. Ingia kiwandani, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Mwanga unashuka kutoka mbinguni, unagonga kuta zilizopakwa chokaa, unarudi ukiwa laini. Mkalishe bibi harusi pembezoni, chini ya kivuli cha dari, uso akiuelekeza kiwandani, saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri. Hapo huhitaji flashi. Msogeze hatua moja ndani, uone macho yake yanavyotulia. Mrudishe nusu hatua, uone dhahabu inavyowaka. Hatua hiyo na nusu ndiyo nafasi yako yote ya kazi. Ukimtoa kwenye jua lenyewe atakunja uso, ukimwingiza ndani zaidi utapata picha ya giza.

Usiku ni habari nyingine. Vitabu na video hufundisha kuelekeza flashi darini ili mwanga urudi ukiwa mpole. Katika nyumba zetu za zamani dari ni boriti za mikoko, nyeusi na ziko juu, zinaumeza mwanga wote. Elekeza flashi ubavuni, kwenye ukuta wa chokaa, au kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukizikuta. Uso utapata umbo na mapambo ya ukuta yataonekana. Kwenye ukumbi wa kisasa tatizo ni taa za rangi. Wapambaji wanapenda kijani na zambarau, na hakuna programu itakayomrudishia bibi harusi rangi ya ngozi yake baada ya taa ya kijani kumpiga usoni. Nenda kwao mapema, kwa heshima, uwaombe wazime taa hizo kwa robo saa tu ya picha za jukwaani. Nenda na kahawa ikibidi.

Zungumza na mpambaji wa uso pia. Poda nyingine na mafuta ya kujikinga na jua vina chembe zinazorudisha mwanga. Kwa macho bibi harusi ni mzuri, flashi ikiwaka uso unakuwa mweupe kama umepakwa unga na shingo inabaki nyuma. Mpige picha moja ya flashi akiwa bado kitini, umwonyeshe mpambaji. Kurekebisha wakati huo ni kazi ya dakika tano. Na hina usiipige usiku wa hina ukadhani umemaliza. Rangi yake huendelea kukolea kwa siku moja au mbili baada ya kubanduliwa, kwa hiyo picha ya karibu ya mikono iache kwa siku ya kupamba. Piko, ile rangi nyingine ya kuchorea, kwa kuwa ni nyeusi tangu mwanzo, haina shida hiyo.

Upande wa wanaume tafuta mwenzako wa kiume wa kuaminika, kwa sababu nikahi ni msikitini na wewe dada hutakuwapo. Kabla hamjaachana, linganisheni saa za kamera zenu, dakika kwa dakika. Msipofanya hivyo, siku ya kupanga albamu bwana harusi ataonekana anaingia ndani kabla hajaozwa. Mweleze mwenzako kwamba wakati mmoja hauwezi kurudiwa: walii na bwana harusi wameshikana mikono, maneno yanatamkwa. Awe ameshakaa mahali pake wakati khutba inaanza, asivuke mbele ya watu, asiwashe flashi. Kanzu na kofia za vito, zile nyeupe za kudariziwa, zitaidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na nyuso zinakuwa nyeusi. Aongeze mwanga kwa stopu moja, yaani mara mbili. Wewe kwenye msafara wa mabuibui utafanya kinyume chake, punguza.

Kwa kirumbizi, fimbo zinakwenda mbio, kwa hiyo shata, kasi ya kamera kufunga, iwe 1/500 ya sekunde au zaidi kukiwa bado mchana. Usimpige anayepiga fimbo, mpige anayekinga. Uso wake ndio wenye habari. Vugo ni polepole zaidi. Wanawake wanakuja kwenye njia nyembamba wakigonga pembe za nyati kwa vijiti, na wewe unatembea kinyumenyume mbele yao, mtaro upande huu na punda upande ule. Mtafute mtoto wa nyumba hiyo akushike mkanda wa mkoba akuongoze. Barabarani hapa lenzi pana ya milimita 35 inatosha. Ile ndefu ya 85 utaifurahia kiwandani tu, kwenye vichochoro hutapata pa kurudi nyuma.

Vifaa vingine sivisemi sana. Kamera yenye nafasi ya memori kadi mbili, ikiandika zote mbili kwa pamoja. Betri nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu stima hukatika. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi hufunga ukungu papo hapo, basi iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje, au itangulize kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Droni mtu akikuomba, inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo ya mkondo tu. Na fikiria droni ikipita juu ya kiwanda ambacho wanawake wako bila buibui. Hapana.

Bei sitakutajia, ila chukua arbuni kabla ya kuandika tarehe kwenye daftari, na mkubaliane kwa maandishi idadi ya shughuli utakazopiga, maana "na hina pia" huja kila mara dakika ya mwisho. Picha za wanaume unaweza kuzituma kwa njia yoyote wanayotaka. Albamu ya kupamba mpelekee mama mwenyewe mkononi, usimpe kijana wa duka wala nahodha wa mashua akufikishie. Akitaka ufute zilizobaki kwenye memori kadi, zifute mbele yake. Salio lako uwe umeshalipwa kabla ya hapo, kwa sababu fungate ikiisha kila ukoo hukwambia pesa zimekwisha kwenye biriani.