Jimny na 4H kwenye lami
Kaka, umeuliza kama unaweza kuiacha Suzuki Jimny kwenye 4H (kuvuta kwa magurudumu yote manne, kwa gia za kawaida) kutoka Dar hadi Dodoma kwa sababu mvua inanyesha. Usifanye hivyo. Jimny haina difu ya katikati, yaani gia zinazoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Ukiweka 4H, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja, ilhali kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo inaisha. Lami hung'ang'ania tairi hata ikilowa. Utasikia stelingi nzito na gari kukwama-kwama ukikata kona kali wakati wa kupaki, na mzigo wote unaishia kwenye gia na shafti. Toyota Prado 150 ni habari nyingine: ina difu ya katikati, ndiyo maana huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote.

Ukiacha lami, weka 4H, hata gari likiwa linatembea, mradi linakwenda moja kwa moja. 4L (magurudumu yote manne kwa gia nzito za mwendo mdogo) mpaka usimame. Kwa mvua ya barabara kuu, tafadhali badilisha kwanza tairi zenye kipara.