Kuhasi mbwa dume bila kisu: majibu kwa wasomaji

Assalamu alaykum daktari. Nina mbwa analinda mihogo isiliwe na kima. Kila mara hupotea siku mbili tatu kufuata majike. Sitaki apasuliwe. Kuna njia nyengine? (Msomaji, Makunduchi)

Waalaykum salaam. Zipo mbili. Ya kwanza ni sindano ya zinki glukoneti, hudungwa ndani ya kila korodani. Dawa huharibu sehemu zinazotengeneza manii na kuacha kovu, basi utasa wake ni wa kudumu. Marekani iliidhinishwa mwaka 2003, kwa mbwa wa miezi 3 hadi 10.

Ya pili ni kipandikizi cha deslorelini, kinachotiwa chini ya ngozi. Hichi huzima homoni za uzazi. Cha miligramu 4.7 hufanya kazi angalau miezi 6, cha 9.4 mwaka mzima, kisha uzazi hurudi.

Kwa mbwa wako nachagua kipandikizi. Sindano ya zinki huacha homoni nyingi ya kiume mwilini, kwa hivyo mbwa huweza kuwa tasa na bado akazurura. Ila kwa kipandikizi, wiki za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka. Akizidi ukorofi usishtuke, subiri hadi wiki 6.

Kwani hatuwezi kumfunga mpira, au kumbana kwa koleo kama tufanyavyo kwa mabeberu? (Msomaji, Wete)

Hapana, nakuomba sana. Mpira hukata damu, nyama huoza mbwa akiwa hai na anaumwa, na pepopunda huingia hapo. Koleo nalo ni la fahali na mabeberu, ambao korodani zao zinaning'inia. Za mbwa zimekaa karibu na mwili.

Na usinunue sindano ukamdunga mwenyewe. Dawa ikivuja nje ya korodani, ngozi huvimba na kuchimbika vidonda, na mwisho hulazimu apasuliwe kwa kisu kile kile ulichokikimbia. Kipimo hufuata upana wa korodani. Mbwa hupewa kwanza dawa ya kumtuliza, maana akijitikisa sindano imekosea. Akirudi nyumbani azuiwe kujiramba.

Wangu alidungwa zinki wiki iliyopita, jana kampanda jike. Dawa haikushika? (Msomaji, Chake Chake)

Huwezi kujua bado. Manii yaliyokwisha kutengenezwa yamo njiani. Mtenge na majike miezi miwili, na huyo jike umtazame kama ameshika mimba.

Akishahasiwa, chanjo ya kichaa cha mbwa ya nini tena? (Msomaji, Fuoni)

Mbwa tasa huumwa na mwenye kichaa kama mwengine yeyote, na huambukiza vile vile. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Pemba ugonjwa huu uliwahi kuondoka, ukaingia tena 2016, na chanjo ya kisiwa kizima ndiyo iliyoutoa. Siku unayompeleka kuhasiwa, mwambie daktari amchanje hapo hapo.