Anko, na mbwa naye aende bichi?

Mwezi huu meseji karibu zote ni mbwa na bahari, nadhani ni likizo. Nimechagua tano, zilizobaki zinafanana na hizi. Ila kabla sijaanza, mi sio daktari wa wanyama jamani, ni mtu tu aliefuga mbwa miaka mingi karibu na maji, kwahiyo mbwa akizidiwa msinisubiri mimi, mpelekeni.

SWALI: Shikamoo Anko. Tunakaa pwani na tuna mbwa dume wa miaka miwili, mkubwa, ana nguvu balaa. Kila wikiendi tunampeleka bichi, tunarusha mpira majini anauleta, tunarusha tena, basi. Mume wangu anasema hiyo inamtosha, mi namuona kama anachoka tu hafurahi, na jumapili iliyopita aliharisha usiku kucha. Hakuna kitu kingine cha kufanya nae huku? – Mama Simba

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na kuharisha maana umelisema kama vile ni jambo dogo. Mbwa akidaka mpira majini lazima apanue mdomo, na akipanua mdomo anameza fundo la maji ya bahari, na lita moja ya maji yale ina chumvi kama gramu 35, sasa piga hesabu mlirusha mara ngapi. Ile chumvi ikijaa tumboni inavuta maji ya mwilini yaje kwenye utumbo, ndo maana anaharisha, na ikizidi hapo anatapika, anayumba kama mlevi, anatetemeka, hata degedege inaweza kumshika, ukiona hivyo usingoje kukuche. Na mimi nilishamfanyia wangu hivyo hivyo, mpira saa nzima, nikamuona bingwa, tukarudi nyumbani yeye kakaa siti ya nyuma... tuyaache hayo, ile gari nilishaiuza.

Kwahiyo bebeni maji baridi ya kunywa na bakuli, kila baada ya dakika kumi na tano mchezo usimame anywe apumzike. Mpira badilisheni, tafuteni kitu bapa cha kuelea ambacho hakimfanyi apanue mdomo sana, halafu mpira wa manyoya ule wa tenisi unabeba mchanga na mchanga nao ukijaa tumboni unaganda unaziba utumbo. Tumbo likivimba, choo hakuna na anatapika, hiyo ni safari ya hospitali.

Sasa la kufanya. Mbwa ni pua mwanangu, nyie mnampeleka sehemu yenye harufu nyingi kuliko zote alafu mnamfanya mtumwa wa mpira. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, mfungeni mkanda wa kifuani (sio kola ya shingo) na kamba ndefu ya mita tano mpaka kumi, na safari hii yeye ndo awe mbele nyie mfuate. Atasimama kwenye rundo la mwani dakika tatu nzima, anavuta pumzi zile fupi fupi za haraka, mkia umesimama hautikisiki, sikio moja limegeuka kwenu kuhakikisha mpo, mwacheni amalize kusoma gazeti lake. Kunusa hivyo kunamchosha akili vizuri, na usiku analala fofofo. Siku nyingine tafuteni sehemu moja ya mchanga wenye unyevu, fukieni kidoli chake kidogo tu achimbe, mkimaliza shimo mlifukie kwasababu kuna mtu atavunjika mguu pale usiku. Siku nyingine msiguse bichi kabisa, pandeni kilima kinachotazama bahari, au njia ya pembeni ya mikoko, au barabara ya bandarini jioni, azoee watu na makelele. Mume wako mwambie Anko kasema mpira dakika kumi tu.

SWALI: Anko mambo, saa ngapi ndo mzuri wa kumtoa? Nafanya kazi mpaka mchana, nikitoka saa saba ndo napata nafasi.

JIBU: Saa saba mchana kama huko kwenu jua ni kali, hapana, bora akae ndani. Weka mgongo wa kiganja kwenye mchanga uhesabu mpaka saba taratibu, ukishindwa kuvumilia basi nyayo zake nazo haziwezi. Na mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, hewa yenyewe ikiwa ya moto na unyevunyevu wa bahari kuhema kunakuwa hakumsaidii sana. Joto lake la kawaida ni kama 38 mpaka 39 na kitu, likifika 41 hapo anaweza kufa mbele yako. Wale wenye pua bapa, Bulldog na Pug, wao ndo kabisa. Ukimuona ulimi umetoka mrefu mwekundu sana, mate mazito, anatembea kama miguu sio yake, peleka kivulini mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku gari linawashwa kwenda kwa daktari.

Toka alfajiri au jioni jua likishalegea. Alafu usiangalie jua tu, angalia na maji. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama masaa sita na kidogo, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwahiyo ile njia ya chini ya mawe uliyopita jumamosi saa kumi na mbili jioni, jumamosi ijayo muda huo huo inaweza kuwa chini ya maji. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, maji yanakupwa mbali yanajaa juu sana, watu wengi wamekwama kwenye mawe siku hizo na mbwa wao.

SWALI: Mbwa wangu anaokota kila kitu ufukweni na kumeza. Juzi nimemkuta na samaki mkavu mdomoni kama puto, nikamnyang'anya. Ningemuacha ingekuwaje?

JIBU: Kama puto? Dada, shukuru Mungu. Huyo inawezekana kabisa ni bunju, na sumu ya bunju haiishi kwa sababu kafa au kakaushwa na jua, inalegeza misuli mpaka ile ya kupumulia na dawa ya kuiua haipo, madaktari wanachoweza ni kumsaidia kupumua mpaka imtoke. Siku nyingine akimeza hata kipande, usikae kuangalia kama atabadilika, nenda hapo hapo na picha ya samaki kwenye simu.

Yavuyavu nae akishatupwa ufukweni bado anawasha, mbwa akimlamba mdomo unavimba. Ila mimi ninachoogopa kuliko vyote ni ndoana. Wavuvi wanaacha ndoana na chambo bado kimo, kwa mbwa ile ni zawadi. Akimeza na uzi unaning'inia nje ya mdomo usiuvute, narudia, USIUVUTE, utamchana koo lote, ufunge tu kwenye kola ili usiingie wote ndani umpeleke. Mfundishe nyumbani neno moja la "acha" kwa kumpa kitu kitamu zaidi kila anapoachia, lifundishe kwa wiki kadhaa kabla ya kwenda, kule bichi sio pa kuanzia.

SWALI: Habari Anko, nina kambwa kadogo kanaogopa mawimbi, nikikabeba nikaingia nako majini kanapiga kelele watu wote wanageuka. Watoto wanataka kukapandisha boti. Inawezekana?

JIBU: Kwanza acha kukabeba. Hiyo ya kusema mbwa wote wanajua kuogelea ni uongo, wenye kifua kizito na miguu mifupi wanazama haraka. Kaa nako pale wimbi linapoishia, wewe ukae chini kwenye mchanga, kenyewe kaamue kama kanasogea au hakasogei, siku ya kwanza kakilowesha kidole ni ushindi. Boti sawa, ila kwanza kavalishe laifu jaketi la mbwa lenye mpini mgongoni, kakae nayo nyumbani siku mbili tatu, kisha boti ikiwa imefungwa gatini, injini imezimwa, kapande kashuke. Ikishaenda hivyo ndo mtoke, dakika kumi, bahari ikiwa shwari.

Na hili niliseme kwa wote wenye watoto: mbwa akichukuliwa na mkondo msimfuate majini. Mara nyingi mbwa anatoka mwenyewe mbele kidogo, aliemfuata ndo hatoki. Tembeeni ufukweni usawa wake mkimuita, na muiteni mwokoaji.

SWALI: Watu wanalalamika mbwa wangu akikimbia huru, na mimi namjua, hang'ati. Nani mwenye haki?

JIBU: Wao. Wewe unamjua, wao hawamjui, na kuna mtu hataki kabisa mate ya mbwa yamguse, iwe kwa imani au kwa woga, hana haja ya kukueleza. Sehemu nyingine kuna saa na miezi mbwa haruhusiwi, soma kibao. Kasa nao wanataga kwenye mchanga, mayai yanakaa kama miezi miwili ndo yanaanguliwa, mbwa mmoja akichimba dakika mbili kiota kimekwisha. Kamba, na mfuko wa kuokotea mavi yake, miwili sio mmoja, maana siku ukibeba mmoja ndo atakwenda mara mbili. Mkirudi msuuze na maji yasiyo na chumvi, mkaushe na masikio kwa ndani yale yanayolala, na umuangalie katikati ya vidole, mchanga unapenda kukaa pale.