Nilipona saratani utotoni, mbona akili haitulii?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27. Niliugua saratani ya damu, lukemia, nikiwa na miaka sita. Nilitibiwa kwa karibu miaka mitatu na haijarudi tena. Lakini kila tarehe ya kupima ikikaribia silali, na harufu ya spiriti inanitia kichefuchefu. Kazini nasahau maelekezo na ninamaliza kazi nyuma ya wenzangu. Miezi hii nina uchovu na huzuni nisiyojua inatoka wapi. Nyumbani wananiambia nishukuru Mungu nilipona. Je, ni zile dawa, au ni mimi tu ninayewaza sana? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Hilo la "ninayewaza sana" naomba uliweke kando. Umenitajia mambo matatu, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni yote kubebeshwa jina moja, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kisha mgonjwa akaandikiwa kidonge kimoja. Kila moja linaweza kuwa na chanzo chake.

Nianze na usahaulifu, maana ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Seli za lukemia hujificha kwenye ubongo na kwenye maji ya uti wa mgongo, ambako dawa nyingi zinazopita mshipani hazifiki vya kutosha. Ndiyo maana watoto huchomwa sindano ya mgongoni yenye methotreksati, dawa ya saratani, na wengine, hasa zamani, walipigwa mionzi kichwani. Tiba hiyo imeokoa maisha ya wengi: miaka ya 1960 ni watoto wachache tu wenye lukemia kali ya limfu, aina inayowapata watoto zaidi, waliopona, na leo penye huduma kamili hupona takribani 9 kati ya 10. Ila ubongo wa mtoto wa miaka sita bado unajengwa, na tiba hizo, mionzi zaidi ya dawa, zinaweza kudhuru nyuzi zinazopeleka taarifa kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa.

Madhara hayo hayamfanyi mtu kuwa mjinga. Anaongea vizuri na kazi yake anaijua. Mpe maelekezo manne kwa mkupuo, la tatu linadondoka. Mpe muda, anafanya sawasawa na wengine. Bosi anaona uzembe, naye mwenyewe baada ya miaka anauamini uzembe huo, na huzuni inaanzia hapo. Omba upimwe kumbukumbu, umakini na kasi ya kufikiri na mwanasaikolojia mwenye ujuzi wa mambo ya ubongo. Majibu yake utaweza kuyatumia kuomba maelekezo kwa maandishi au muda wa ziada, bila kujitetea kwa maneno matupu.

Hofu ya kipimo na ile harufu ni habari nyingine. Hicho ni kiwewe, jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Utafiti mkubwa wa Marekani unaofuatilia waliougua saratani utotoni, ulioanza 1994, uliwalinganisha na ndugu zao wa kuzaliwa: dalili kamili za kiwewe zinazovuruga maisha zilikutwa kwa asilimia 9 ya waliougua na asilimia 2 ya ndugu. Kwa hiyo wengi wako salama, na wewe pia si wa ajabu. Tiba yenye nguvu hapa ni ya mazungumzo, ile inayokurudisha hatua kwa hatua kwenye kile unachokikimbia, ukiwa na mtaalamu. Wasiwasi kabla ya majibu ni wa kawaida. Ukianza kukwepa vipimo, hapo wasiwasi umeshakuwa ugonjwa.

Uchovu na huzuni vinahitaji vipimo vya mwili kwanza. Mionzi ya kichwa au shingo inaweza kupunguza homoni za ukuaji au za thairoidi, tezi iliyo shingoni, hata miaka mingi baadaye, na mtu akaonekana ana sonona kumbe ni tezi. Upimwe thairoidi na wingi wa damu. Moyo ukikuenda mbio, usikubali kuambiwa ni wasiwasi kabla haujapimwa, kwa sababu doksorubisini, dawa ya saratani, na nyingine za jamii yake zinaweza kuudhoofisha. Na ikithibitika ni sonona, dawa zipo na zinasaidia, ila mwandikaji ajue historia yako: sitalopramu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki.

Sasa, pa kuanzia: tafuta muhtasari wa matibabu yako hospitali ulikotibiwa. Uonyeshe dawa zote, jumla ya dozi, na kama ulipigwa mionzi, wapi na kiasi gani. Bila huo tunabahatisha. Faili likiwa limepotea, muulize mzazi. Je, kuna dawa nyekundu iliyobadilisha rangi ya mkojo wako? Hiyo huenda ni ya jamii ya doksorubisini. Je, ulivishwa kinyago kigumu cha plastiki ukalazwa peke yako chumbani kwa dakika chache, siku baada ya siku? Hiyo ni mionzi ya kichwa au shingo. Muulize taratibu, kwani wazazi nao hubaki na kiwewe cha siku zile, mara nyingi kuliko watoto wenyewe.

Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 inataka afya ya akili iulizwe kila mara aliyepona anapohudhuria kliniki. Wasipokuuliza, anza wewe. Na hayo mambo matatu uyataje moja moja, kama ulivyoniandikia mimi.