Kupekecha si kazi, kazi ni kusimama

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia usiku: "Kaka, nimepekecha kizibo kwenye dumu mara nne. Kinashika vizuri, nikikigusa tu kinabanduka kama gamba la kidonda. Nakosea wapi?" Kupekecha kwake ni kukizungusha kizibo cha plastiki kwa drili huku akikikandamiza, mpaka msuguano ukilainishe kishikane na dumu. Akaambatanisha picha. Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Ule ukosi, yaani plastiki iliyofurika pembeni ya kizibo, ukiwa umechanikachanika, naujua. Mimi umenigharimu shilingi laki sita na rafiki mmoja.

Mwaka 2017 nilikuwa mkerezaji, fundi wa kuchonga chuma kinachozunguka kwenye mashine, wa kuajiriwa kwenye karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam. Ukinipa chuma cha duara nakutolea bushi, shafti, pini, chochote. Lakini kuunga ilikuwa kazi ya mchomeleaji, na pesa ya kuunga ilikwenda kwake. Hilo lilinikera. Basi siku moja nikaona kwenye simu jinsi viwanda vinavyounga shafti za magari bila fimbo ya kuchomelea. Kipande kimoja kinazunguka, kingine kimebanwa hakisogei, vinasukumana uso kwa uso. Ndani ya sekunde chache vinawaka rangi ya chungwa, mzunguko unakatwa, msukumo unaongezwa, chuma kilicholainika kinafurika pembeni na kujikunja kama ukosi wa shati. Kwisha. Hakuna kilichoyeyuka kuwa maji. Chuma huyeyuka karibu nyuzi 1,500, na pale hakifiki huko. Kinalainika tu na kushindiliwa.

Nikajiambia, mbona hii ni ulindi na uwimbombo? Babu alikuwa anapekecha moto kwa vijiti viwili, na mimi nina mashine ya kukereza yenye mota ya farasi tatu. Kilichonimaliza kabisa ni kusoma kwamba mwaka 1956, kule Umoja wa Kisovieti, mtu aliyeonyesha kuwa inawezekana ni fundi wa mashine aitwaye Chudikov, na alifanya kwa mashine ya kukereza. Mkerezaji kama mimi! Nililala nikijiona na karakana yangu, kibao mlangoni, jina langu kwa rangi nyekundu. Najua na wewe unayesoma hapa una kibao chako kichwani, usijifiche.

Nafasi ilikuja kwa mzee mmoja wa Mkuranga, mkulima wa nyanya. Shafti ya pampu yake, unene wa milimita 20, ilikuwa imekatika. Nikamwambia mzee, niachie, kesho asubuhi. Bosi alipoondoka jioni nikafunga kipande kimoja kwenye taya za mashine, kingine kwenye mkia wake usiozunguka, nikawasha na kusukuma. Mlio wake ulikuwa kama wa mbuzi. Cheche, moshi wa mafuta, kisha chungwa. Ukosi ukatokea! Nikazima mashine huku nimebana meno.

Haikusimama. Mota imezimwa, lakini ile taya nzito inaendelea kujizungukia kwa mazoea yake, na chuma kinapoa hukohuko kikiwa kinasokotwa. Ilisimama kwa mguno. Nikaukereza ukosi ukaisha, nikaing'arisha shafti kwa msasa mpaka mshono hauonekani. Mzee akalipa elfu arobaini na kunishukuru kwa mikono miwili.

Siku ya nne akarudi na vipande viwili ndani ya mfuko wa rambo. Akavimimina mezani mbele ya wenzangu wote na kuniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiki ulikiunga au ulikibandika?" Nyanya zake zilikuwa zimekosa maji siku mbili za jua kali. Mwenzangu mmoja, ambaye nilikuwa nakula naye sahani moja, ndiye aliyemweleza bosi kwamba niliitumia mashine usiku. Ikafunguliwa, beringi zikakutwa zimeanza kulia kwa ule msukumo. Laki sita, kidogo kidogo, miezi sita. Mzee nilimrudishia pesa yake na kumtengenezea shafti mpya nzima. Yule mwenzangu sijamsamehe vizuri mpaka leo, naandika ukweli.

Vile vipande ninavyo bado. Ukivitazama usoni, katikati unaona alama za kisu cha kukerezea vilevile kama nilivyoviacha, havikushikana hata kidogo. Palipoungana ni pembeni tu, duara jembamba kama pete, nalo limechanika kwa kusokotwa. Ukingo wa kitu kinachozunguka unakimbia, kitovu chake kinakaa palepale, kwa hiyo joto huanzia nje. Ili lifike kati unahitaji msukumo mkubwa. Kwa shafti kama ile, mashine za viwandani hushindilia kwa zaidi ya tani mbili. Mimi nilikuwa nasukuma kwa gurudumu la mkono, na breki sina.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: chuma cha kubeba mzigo usikiunge kwa mashine ya kukereza ya kawaida. Usiniambie wewe una mkono. Alumini ndiyo usahau kabisa. Ile njia ya Waingereza wa TWI, taasisi yao ya uungaji vyuma, ya mwaka 1991, pini inayozunguka huku ikitembea juu ya mshono, inataka mashine inayokandamiza bila kutetereka.

Plastiki ndiyo iliyonirudishia heshima. Dumu, lenye namba 2 ndani ya pembetatu chini yake, hulainika karibu nyuzi 130. Ndoo nyingi ni namba 5, hizo karibu 160. Zote mbili gundi ya kawaida haizishiki, ndiyo maana watu huzitupa zikitoboka. Namba 2 ipekeche na namba 2, namba 5 na namba 5. Ukizichanganya utapata kitu cha kubanduka kwa ukucha. Namba 3, yale mabomba ya PVC, usipekeche ndani ya chumba. Ikiungua inatoa moshi wa tindikali, na nimekohoa wiki nzima kwa ubishi wangu.

Nilianza na kizibo cha milimita 40 nilichokikereza kutoka kwenye plastiki ileile ya dumu. Kwa sababu ya ile shafti, katikati nilikichimba kikawa kama kikombe, mdomo peke yake ndio uguse. Drili, mizunguko 1,500 kwa dakika, sekunde mbili tatu mpaka ukosi utokee. Kikabanduka. Nikarudia, kikabanduka. Siku nimeazima drili ya kuchaji ndipo nilipoona: ukiachia kitufe, ile inasimama papo hapo, ina breki ndani. Yangu ya waya ilikuwa inaendelea kuserereka, kama ile mashine. Tangu siku hiyo naachia kitufe huku nakandamiza, nahesabu mpaka ishirini, mkono hautetemeki. Na sikwambii nimefunga matoleo ya maji mangapi kwenye madumu ya watu. Wanaotoka Mbagala kunifuata wapo.

Vijana mnapenda cheche. Mnapenda sehemu ya kuwasha. Mimi nawaambia kila siku, jifunzeni kusimama. Kupata joto hata mtoto anaweza, sugua viganja vyako uone.

Wanaouliza shaba kwenye plastiki: vitu hivyo haviungani, plastiki inashika tu palipo na mahali pa kushika. Nilikereza mifereji kuzunguka nipo ya shaba, kile kipande cha kuungia bomba, nikaipekecha ndani ya dumu, plastiki ikajaa kwenye mifereji. Ukiivuta haitoki. Mteja alipokaza bomba, nipo ikazunguka yenyewe kama kifuniko cha soda, maji yakaanza kudondoka. Sasa nakata na sehemu mbili bapa ubavuni mwa nipo, zijae plastiki na kuizuia isizunguke.

Yule kijana nikamjibu, anunue drili ya kuchaji. Akasema, "Kaka, hiyo hela sina, ninayo ya waya ya marehemu baba." Nikafikiri siku mbili. Nikamwambia akichonge kizibo mgongoni kiwe na kichwa cha pembe nne, atengeneze soketi iliyolegea kidogo aifunge kwenye drili. Ukosi ukitokea anyanyue drili juu, izunguke yenyewe huko hewani inavyotaka, na yeye akandamize kizibo kwa kiganja chenye glavu.

Jana katuma picha nyingine. Dumu limejazwa maji, limelazwa juu ya gazeti, kizibo chini. Gazeti kavu. Nimemwambia aliache hivyohivyo mpaka Jumamosi.